Kwenda kuona roketi ikiruka Florida: maswali ninayoulizwa kila mara

Nyumba yangu imegeuka gesti ya watu wa roketi. Naishi Orlando, mwendo wa kama saa moja kwa gari kutoka pwani ya Cape Canaveral, na kila ndugu au rafiki wa rafiki anayekuja Florida akishamaliza salamu huuliza kama atapata kuona roketi ikiruka. Wanatoka Dar, Mombasa, Bujumbura, wengine wako Marekani hii hii, Texas na Ohio. Maswali ni yale yale, nikaona bora niyaandike mara moja ili niwe natuma kiungo tu. Nimezungumzia zaidi Falcon 9 ya kampuni ya SpaceX, kwa sababu ndiyo inayoruka mara nyingi kuliko nyingine zote na ndiyo utakayoikuta.

Mtu wa kawaida anaruhusiwa kweli, au ni mambo ya wakubwa?

Anaruhusiwa. Ndani ya uzio wa kituo cha kurushia huingii bila kibali, lakini roketi ikishanyanyuka mita mia kadhaa inaonekana na kila mwenye macho: mvuvi aliye mtoni, mama anayefua, dereva aliyesimama kwenye mataa. Bustani na fukwe za kutazamia ni za umma. Hakuna anayekuuliza uraia wala kazi yako. Ukiwa na viza halali ya kutembea Marekani, basi, huna karatasi nyingine ya kutafuta. Hata kituo cha wageni cha Kennedy (kituo cha anga cha shirika la NASA), chenye tiketi na mageti, kinapokea wageni wa nchi zote.

Kwa nini wanarushia pale na si kwingine?

Kwa sababu ya bahari na ikweta. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo roketi inayorushwa mashariki inaanza safari ikiwa tayari imesukumwa, na kadiri unavyokaribia ikweta ndivyo msukumo huo unavyozidi. Pale Cape Canaveral, nyuzi 28 kaskazini, ni kama mita 400 kwa sekunde za bure. Na mashariki yake ni Atlantiki tupu, kwa hiyo kikidondoka kitu hakimdondokei mtu.

Kwa hesabu hiyo hiyo pwani ya Kenya ni bora zaidi, na Waitaliano walilijua hilo mapema. Kuanzia 1967 hadi 1988 walikuwa wakirusha roketi za Scout kutoka jukwaa la San Marco lililosimama baharini Ngomeni, karibu na Malindi. Setilaiti iliyoruka hapo tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, ilipewa jina Uhuru, na ndiyo ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Nikiwaambia hivyo wageni wa Mombasa hununa kidogo kwamba wamepanda ndege saa zote zile kuja kuona kitu ambacho wazee wao walikiona kutoka kwenye ngalawa.

Nitajuaje siku na saa?

Tazama tovuti ya kampuni inayorusha, ratiba ya kituo cha wageni cha Kennedy, na programu za simu zinazofuatilia roketi. Tazama zote, na tazama tena asubuhi ya siku yenyewe. Tarehe iliyotangazwa mwezi mmoja kabla ichukulie kama ahadi ya fundi cherehani.

Usikate tamaa lakini. Mwaka 2024 pwani hii peke yake ilirusha roketi zaidi ya 90. Ukikaa Florida wiki moja, si rahisi upite bila hata moja, hasa zile zinazobeba setilaiti za intaneti za Starlink, ambazo zimekuwa kama daladala.

Sasa saa. Hapa ndipo watu wetu wanapopotea, na naomba usome taratibu. Ratiba nyingine huandikwa kwa saa za Florida, nyingine kwa saa za kimataifa za UTC. Florida iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 7 kuanzia Machi mpaka mwanzoni mwa Novemba, na saa 8 miezi iliyobaki. Juu ya hayo kuna saa yetu ya Kiswahili: ukimpigia mjomba simu ukamwambia "saa mbili usiku" wakati kwenye tangazo umesoma mbili za Kizungu, mmeshakosana.

Mtego mbaya kuliko wote ni saa za baada ya saa sita usiku. Tangazo likisema Jumanne, 12:40 usiku, maana yake ni saa sita na dakika arobaini usiku wa kuamkia Jumanne. Jumatatu jioni ndiyo unaondoka nyumbani. Mgeni wangu mmoja alipanga mwenyewe, akakataa kuulizwa, akafika mtoni Jumanne usiku na viti viwili vya kukunja na chupa ya chai. Alimkuta mzee mmoja anavua samaki. Roketi ilikuwa imeondoka saa ishirini na kitu zilizopita.

Nisimame wapi?

Kwanza uliza inarukia jukwaa gani, kwa sababu majukwaa yametawanyika. Falcon 9 imekuwa ikitumia mawili: 39A, lile lile lililowapeleka watu wa Apollo 11 mwezini Julai 1969, na namba 40, lililo kusini yake kidogo. New Glenn ya kampuni ya Blue Origin, iliyoruka mara ya kwanza Januari 2025, inatokea jukwaa namba 36, kusini zaidi. Mtu akikwambia "nenda sehemu fulani ndiyo bora" bila kukuuliza jukwaa, mshukuru na umwache.

Kwa 39A, mimi huwapeleka watu mji wa Titusville, ng'ambo ya mto Indian River. Ni kama kilomita 20, maji matupu mbele yako, hakuna mti wala jengo la kukuziba. Kuna bustani ya Space View, kuna bustani kadhaa ndogo zilizopangana kando ya barabara ya US-1, na kuna daraja la Max Brewer, ambalo ukilipanda kwa miguu unapata urefu wa kuona mpaka chini karibu na jukwaa. Magari hayaruhusiwi kusimama juu ya daraja. Unaegesha chini na kupanda. Siku wanaporuka wanaanga, nafasi za kuegesha zinakwisha saa nyingi kabla.

Kwa namba 40, Titusville bado inafaa, ila ukitaka ufukwe nenda kusini: Jetty Park pale Port Canaveral, kama kilomita 17, au Cocoa Beach. Jetty Park inalipisha magari na ikijaa inafungwa. Roketi ya New Glenn ikiruka, Jetty Park ndiyo mahali penyewe, maana ni kama kilomita 9 tu.

Ufukwe wa Playalinda, ndani ya hifadhi ya Canaveral National Seashore, uko kama kilomita 6 kutoka 39A, na picha zinazokutoa machozi mara nyingi zimepigwa hapo. Lakini ni hifadhi: ina kiingilio, ina saa zake za kufunga, na mara nyingine inafungwa kabisa kwa usalama roketi inapojiandaa. Usiupange kama mahali pako pekee.

Kisha kuna sehemu za kulipia ndani ya kituo cha Kennedy. Ya karibu ni kwenye jengo linalotunza roketi kubwa ya Saturn V, ambako wanakupeleka kwa basi lao na unakuwa kama kilomita 6 na nusu kutoka 39A. Si kila safari wanauza nafasi hizo, na bei hutegemea safari. Kwa familia yenye watoto ni pesa nyingi. Kwa mtu atakayekuja mara moja maishani, ningesema lipa, ila soma kwanza masharti ya kuahirishwa.

Kwani zinaahirishwa mara nyingi?

Ndugu yangu, kaa chini.

Roketi inaahirishwa kwa mawingu mazito ambayo wewe unayaona ya kawaida tu. Inaahirishwa kwa upepo wa juu sana ambao huku chini hautikisi jani. Inaahirishwa kwa radi: ikipiga ndani ya maili 10 za baharini, lazima ipite nusu saa bila radi nyingine. Inaahirishwa kwa kifaa kimoja kilichosoma joto vibaya. Januari 2022 safari moja ilisimamishwa kwa sababu meli ya kitalii iliingia kwenye eneo la bahari lililokatazwa, watu wamejipaka mafuta ya jua huko juu hawana habari.

Tarehe 27 Mei 2020, siku SpaceX walipokuwa wapeleke wanaanga kwa mara ya kwanza, saa ya kuhesabu ilisimamishwa zikiwa zimebaki kama dakika 17. Wanaanga wawili wameshafungwa mikanda, Rais wa nchi amekuja, umati umejaa mtoni, na mawingu yakasema hapana. Wakaruka tarehe 30, saa tisa na dakika 22 alasiri.

Sisi wenyewe tunajua habari hii. Taifa-1, setilaiti ya Kenya, ilipandishwa na Falcon 9 kutoka Vandenberg, California, na iliahirishwa zaidi ya mara moja kabla ya kuondoka tarehe 15 Aprili 2023. Waliokesha Nairobi wakitazama matangazo walirudi kulala na kukesha tena.

Watu huniuliza mbona wasisubiri nusu saa mawingu yapite. Mara nyingine wanaweza, nyingi hawawezi, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kule inakokwenda. Kituo cha kimataifa cha anga kinazunguka, na Florida nayo inazunguka na dunia. Njia ya kituo hupita juu ya jukwaa kwa kitambo kidogo sana, ukichelewa umeachwa. Safari za Starlink zina nafasi ya saa kadhaa, ndiyo maana hizo huwa naziamini zaidi kwa wageni wa siku chache. Ya pili ni mafuta. Falcon 9 inatumia mafuta ya taa yaliyosafishwa sana pamoja na oksijeni ya kimiminika iliyopoozwa kupita kawaida, na inajazwa dakika 35 tu za mwisho. Oksijeni hiyo ikikaa ndani ya tangi inapata joto na kutanuka. Kwa hiyo wakishaanza kujaza, ama inaruka ama wanaimwaga na kuanza upya.

Nimesoma "hali ya hewa nzuri asilimia 90". Basi nina uhakika?

Huna. Asilimia hiyo hutolewa na kikosi cha 45 cha hali ya hewa cha jeshi la anga za juu la Marekani, na inahusu masharti ya hewa hapo kwenye jukwaa tu. Haihesabu mitambo ya roketi wala, kwa kawaida, mawimbi ya kule baharini ambako meli inasubiri kuidaka sehemu ya chini. Nimeshaona asilimia 95 ikaishia na watu kukunja viti, na nimeona 40 ikaruka kwenye sekunde yake.

Kwa hiyo nitenge siku ngapi?

Tatu kwa uchache, tano ukiweza. Usikate tiketi ya ndege ya kurudi siku ile ile ya roketi. Na ukinunua safari ya basi la watalii uliza kabla ya kulipa: ikiahirishwa, tiketi inatumika siku inayofuata au imeliwa? Mimi iliwahi kuliwa, na kampuni moja ambayo jina naliacha. Walinipa kofia.

Nitaona nini hasa? Si ni sawa na kwenye simu?

Kuona, kwenye simu utaona vizuri zaidi. Nasema kweli. Kamera zao ziko karibu, ziko mpaka kwenye roketi yenyewe. Kutoka Titusville roketi ya mita 70 iliyosimama kwenye jukwaa ni kama njiti ya kiberiti. Ulichokifuata huku ni kitu kingine, na sijui kamera iliyowahi kukibeba.

Nitakusimulia usiku niliokwenda na mama yangu mdogo, aliyekuja kutoka Tanga. Alikaa kwenye kiti cha kukunja mbele ya gari, amejifunga khanga mabegani kwa sababu ya upepo wa mto. Watu walikuwa wengi lakini wanaongea chini chini kama wako msibani. Jirani yetu alikuwa na redio inayotoa sauti ya kuhesabu. Ilipofika sifuri, ng'ambo ya mto kukawa na mwanga, kwanza mdogo, kisha ukafumuka. Mawingu yakawa rangi ya chungwa, maji ya mto yakawa rangi ya chungwa, nikauona uso wa mama mdogo kama mchana. Ile nukta ikaanza kupanda. Na kimya. Kimya kabisa. Samaki aliruka karibu na gati nikamsikia.

"Mbona haina sauti?" akauliza.

Nikamwambia, "Mama, hesabu mpaka sitini."

Sauti hutembea kilomita moja kwa kama sekunde tatu. Kwa kilomita 20 ni dakika nzima. Wakati huo roketi iko karibu na kasi ya sauti, imeshainama kuelekea baharini, na wewe bado hujasikia hata ikiwashwa. Mama mdogo alihesabu kwa sauti, akafika hamsini na kitu, kisha akaweka mkono juu ya boneti akanigeukia: "Umewasha gari?"

Sikuwa nimewasha. Bati lilikuwa limeanza kutetemeka kabla ya masikio kupata kitu. Halafu ikaja: kwanza ngurumo ya chini kama lori la mchanga linalopanda mlima na gia nzito, kisha juu yake mpasuko usiokatika, kama watu wanachana turubai kubwa, pande pande. Unaisikia kifuani. Vioo vya magari vilikuwa vinaimba. Na ile nukta ilikuwa mbali sana, haina uhusiano wowote na kelele hiyo, kama vitu viwili tofauti. Mama mdogo hakuondoa mkono kwenye boneti mpaka mwisho.

Ndiyo maana huwaambia watu wasihangaike sana na darubini. Hangaika na umbali. Kilomita 17 na kilomita 40 ni mwanga ule ule; sauti si ile ile. Kutoka Orlando, nyumbani kwangu, usiku naiona vizuri na siisikii, na sihesabu kama nimeiona.

Kile kishindo wanachosema roketi ikirudi?

Sehemu ya chini ya Falcon 9, yenye injini 9, inaachana na ya juu baada ya kama dakika mbili na nusu, halafu inarudi. Mara nyingi inatua juu ya meli isiyo na watu mbali baharini, hapo huoni kitu. Mzigo ukiwa mwepesi, inageuza na kuja kutua nchi kavu pale pale pwani, kama dakika nane baada ya kuruka. Ilifanikiwa mara ya kwanza Desemba 2015.

Ukiambiwa inarudi nchi kavu, usiondoke! Utaona moto ukiwaka tena angani, unashuka kwa kasi isiyo na adabu, unasimama. Kisha, wakati imeshatua au inatua, inakufikia papapa! kama mizinga, viwili au vitatu vikifuatana. Watoto hulia, mbwa hubweka, ving'ora vya magari huanza. Ukitaka kilele cha hayo yote, ngojea Falcon Heavy, ambayo ni sehemu tatu za chini zilizofungwa pamoja, injini 27 kwa jumla. Haitoki mara nyingi. Ilipotoka ya kwanza, Februari 2018, mbili za pembeni zilirudi na kutua karibu wakati mmoja, kama ndugu mapacha waliotumwa dukani.

Mchana au usiku?

Usiku kwa mwanga. Mchana kwa moshi na umbo, na kwa wenye watoto wadogo. Lakini kuna saa moja inayozishinda zote: nusu saa hivi baada ya magharibi au kabla ya jua kuchomoza. Chini giza, huko juu jua bado lipo. Roketi ikifika kule inapigwa na jua, moshi wake unafunguka kama kiwavi cha baharini kinachong'aa, buluu na nyeupe, kikubwa kuliko mwezi. Watu wa mbali, mpaka majimbo jirani, hupiga simu polisi. Ukiona ratiba imeangukia saa hiyo na anga safi, omba ruhusa kazini.

Nipigeje picha?

Mara ya kwanza usipige. Sitarudia. Ukishindwa kujizuia, iegemeze simu kwenye kitu, anza kurekodi sekunde kumi kabla, funga mwangaza usijibadilishe wenyewe, kisha uisahau. Wenye kamera na miguu mitatu, usiku fungua lenzi dakika mbili tatu kwa ISO ya chini, upate ule upinde mmoja wa moto kutoka jukwaani mpaka mawinguni.

Wala usifuate kuhesabu kwa matangazo ya simu. Video ya moja kwa moja huchelewa sekunde kadhaa, wakati mwingine nusu dakika, na umati ukiwa mkubwa mtandao unakwama. Nimeona watu wameinamia simu wakisema "bado sekunde ishirini" na roketi iko juu yao.

Watoto na wazee wataumia masikio?

Kwa umbali wa kilomita 10 au 20, hapana. Ni kubwa lakini ni ya chini, haichomi. Mtoto mchanga mzibe na vile vikinga masikio vya vichwani, au mikono yako. Mzee mwenye shida ya kuondoka haraka mtafutie bustani yenye choo na njia ya lami, maana kusubiri ndiko kunakochosha, roketi yenyewe ni dakika kumi.

Nibebe nini?

Dawa ya mbu. Kisha dawa ya mbu nyingine. Kituo hiki kiko katikati ya mabwawa ya chumvi, na maji yaliyo kaskazini ya majukwaa yanaitwa Mosquito Lagoon, jina limejieleza lenyewe. Wabaya zaidi ni usubi, wale wadogo usiowaona, wanaingia hata kwenye soksi. Nguo ya mikono mirefu hata kama ni joto. Viti, maji mengi, kofia ya mchana, sweta ya usiku wa Januari, kwa sababu Florida nayo ina baridi yake ukiwa umekaa mtoni saa tatu. Tochi yenye mwanga mwekundu ukipenda kutowaudhi wapiga picha.

Chakula pika nyumbani. Sisi huenda na chapati, maharage ya nazi na chai ya tangawizi, na sijawahi kurudi bila kuwa nimegawia majirani. Mamba wapo kwenye mabwawa. Usimwache mtoto achezee ukingo wa maji gizani.

Naweza kurusha droni yangu?

Hapana. Anga hufungwa, na adhabu ni ya kweli.

Na ikilipuka?

Imewahi kutokea. Juni 2015 Falcon 9 ilisambaratika angani ikiwa na sekunde 139 tu hewani, na Septemba 2016 nyingine ililipuka ikiwa bado jukwaani namba 40, siku mbili kabla ya siku yake, ikijaribiwa. Hakuna aliyeumia. Maeneo ya kutazamia yamewekwa mbali kwa hesabu hiyo hiyo, na kila roketi inabeba mtambo wa kujivunja ikikosea njia. Ukiambiwa uondoke mahali, ondoka bila kubishana.

Vipi kuhusu ile kubwa ya Texas?

Starship. Ina injini 33 chini na urefu wa zaidi ya mita 120, na iliruka mara ya kwanza Aprili 2023 kutoka Boca Chica, mpakani na Meksiko. Watazamaji hukaa kisiwa cha South Padre, bustani ya Isla Blanca, kama kilomita 8. Hairuki mara nyingi kama Falcon 9, kwa hiyo safari ya huko ni kamari kubwa zaidi. Sijawahi kwenda; shemeji yangu wa Houston alikwenda mara mbili, mara zote mbili ikaahirishwa, na sasa akisikia neno Starship anabadilisha mazungumzo.

California je?

Vandenberg ndiko, karibu na mji wa Lompoc. Zinaelekea kusini, kwa ajili ya setilaiti zinazopita juu ya ncha za dunia. Tatizo la kule ni ukungu wa bahari: unaweza kusikia kila kitu na usione hata cheche.

Ikiisha, nirudije Orlando bila kulala barabarani?

Kila mtu huwasha gari dakika ile ile, na barabara 528 inageuka Ubungo ya zamani saa kumi na mbili jioni. Baada ya safari ya wanaanga foleni inaweza kula saa mbili tatu. Mimi huwa siondoki. Tunasubiri dakika nane za roketi kurudi kama inarudi, kisha tunafungua sufuria. Watoto wanatafuta namba za simu za hapa kwenye mabango ya maduka, kwa sababu eneo hili lilipewa msimbo wa 321, kuhesabu kurudi nyuma, na wanashindana nani ameona mengi. Chai ikiisha, taa nyekundu za magari nazo zinakuwa zimepungua, ndipo tunakunja viti.